KOMPYUTA KUUKUU TATU, AU MPYA MOJA?



Mhariri amenipa nafasi katika gazeti letu la muhula huu, nami namshukuru. Nataka kuitumia kwa jambo moja tu, nalo litaamuliwa katika mkutano wa wazazi na walimu kabla ya kufunga shule. Klabu yetu ya Roboti ina akiba ya shilingi 1,260,000. Fedha hizi zimetoka katika mpunga tulioulima wenyewe kwenye kipande cha shamba la shule. Tuliupanda, tukaupalilia, tukawafukuza ndege tangu alfajiri, tukauvuna na kuupiga. Wazazi wengine, pamoja na walimu wengine, wanataka fedha hizo zinunue kompyuta mpakato moja mpya. Mimi nataka zinunue tatu kuukuu.

Najua wako watakaocheka wakisoma maneno haya na jina langu chini yake, maana mimi ndiye niliyekuwa mweka hazina mwaka jana, na mimi ndiye niliyezipoteza shilingi 310,000 za klabu kwa kununua kompyuta kuukuu. Nitalieleza jambo hilo mahali pake wala sitalificha. Lakini kwanza yafaa wazazi wajue klabu yetu hufanya nini, kwa kuwa nimesikia wengine wakidhani kwamba twacheza.

Sisi ni wanafunzi kumi na watano, kutoka kidato cha kwanza hadi cha nne. Kazi yetu kubwa mwaka huu ni kigari cha kugeuza kakao. Kila mzazi wa Kyela aijua taabu ya kakao. Mbegu zikiisha kuchachuka siku tano au sita, huanikwa juani, nazo hazina budi kugeuzwa mara kwa mara ili zikauke sawasawa. Nako huku kwetu, kati ya milima ya Livingstone na ziwa, mvua haipigi hodi. Mama yuko kisimani, mtoto yuko shuleni, na mara moja mkeka umelowa. Kakao iliyolowa huota ukungu, na yenye ukungu ikifika ghalani hukataliwa. Mwaka 2024, bei ya kakao katika soko la dunia ilipopita dola 10,000 kwa tani moja, mkeka mmoja uliolowa ulikuwa hasara ya ada ya mtoto. Bei imeshuka baadaye, lakini mvua haijapungua.

Basi kigari chetu kina magurudumu manne na reki ndogo nyuma. Hupita juu ya meza ya kuanikia, hugeuza mbegu, hurudi. Kina kitambuzi cha mvua, yaani kibati chenye mistari ya shaba: tone likianguka hapo, umeme mdogo hupita, na mota nyingine huvuta turubai. Hivi sasa reki yageuza vizuri. Turubai lakwama mara mbili katika kila mara tano. Sisemi kwamba tumekwisha kuvumbua kitu cha ajabu.

Akili ya kigari hiki imo katika bodi ndogo iitwayo Arduino. Bodi za namna hii zilianza mwaka 2005 katika mji wa Ivrea, Italia, zikatengenezwa kwa ajili ya wanafunzi, ndiyo maana bei yake ni ndogo. Michoro yake iko wazi kwa kila mtu, hata viwanda vingine huzinakili bila kosa, nasi twatumia hizo nakala. Aina ya Uno ina nafasi ya kilobaiti 32 tu za kuweka programu. Picha moja ya simu ni kubwa kuliko hiyo mara nyingi sana. Nawaomba wasomaji mlikumbuke jambo hili, maana nitalirudia: kazi yetu haihitaji kompyuta yenye nguvu nyingi.

Hata hivyo yahitaji kompyuta. Programu huandikwa katika kompyuta, kisha husafirishwa kwa waya wa USB hadi kwenye bodi. Ukikosea, kigari huenda nyuma badala ya mbele, nawe hurudi kwenye kompyuta, hubadili mstari mmoja, husafirisha tena. Katika alasiri moja twaweza kufanya hivyo mara thelathini. Shule yetu ina chumba cha kompyuta, nasi twashukuru, lakini kompyuta zile ni za mezani, zimefungwa kwa minyororo, na saa zake ni za masomo. Meza ya kuanikia iko nyuma ya bwalo, juani. Huwezi kuibeba meza ya kakao kuipeleka chumbani, wala huwezi kuubeba mnara wa kompyuta na kioo chake kuupeleka juani ambako hakuna soketi.

Kwa hiyo twatumia kompyuta ya mwalimu wetu wa Fizikia, mali yake mwenyewe. Ndani yake imo mitihani yetu. Mwalimu hukaa karibu nayo kama kuku mwenye vifaranga, na ana haki. Akisafiri, klabu hulala.

Sasa tufanye hesabu. Klabu hukutana Jumanne na Ijumaa, kila mara dakika tisini. Kompyuta ni moja na wanafunzi ni kumi na watano, basi kila mmoja ana dakika sita. Lakini hizo sita ni za kwenye karatasi. Kwa kweli wavulana wawili wa kidato cha tatu, ambao ni hodari na siwachukii, hukaa mbele ya kioo saa nzima, na wengine huchungulia mabegani mwao. Wasichana wa kidato cha kwanza hupewa kazi ya kushika mwavuli ili kioo kionekane juani, na kazi ya kuandika ripoti kwa kuwa mwandiko wao ni mzuri. Mmoja wao alikaa katika klabu muhula mzima. Nilimwuliza amejifunza nini. Akanijibu, "Dada, nimejifunza kukaa upande ambao jua halipo." Tulicheka wote wawili, kisha mimi sikucheka tena. Mimi mwenyewe nilianza kugusa kibodi nilipofanywa mweka hazina, kwa sababu daftari la hesabu lilikuwa ndani ya kompyuta ile, hawakuweza kuninyima.

Tukiwa na kompyuta tatu, kila moja itakuwa na watu watano. Dakika sita zitakuwa kumi na nane. Tukinunua mpya moja, na mwalimu akiendelea kutuazima yake, zitakuwa kumi na mbili. Lakini mimi sidhani hata hizo zitapatikana, nami nitasema kwa nini.

Kwanza nitimize ahadi yangu. Mwaka jana, wakati wa likizo, nilikwenda Mbeya kumtembelea mjomba, nami nilikuwa na fedha za klabu shilingi 310,000 kwa ruhusa ya wenzangu. Nilikuwa nimeambiwa nitafute kompyuta. Sikumwambia mjomba, kwa kuwa nilitaka kurudi shuleni nikiwa shujaa. Karibu na stendi ya mabasi nikakutana na kijana aliyebeba kompyuta mbili katika mfuko. Aliniita dada mdogo, akaniwashia moja. Kioo kiling'aa. Betri ilionyesha asilimia mia. Akanifungulia picha na muziki, nami nikaona kila kitu ni kizuri. Akasema anasafiri jioni ile kwenda Tunduma, kwa hiyo anauza kwa hasara. Nikampa fedha zote. Hakunipa risiti, wala sikuomba.

Nilipoiwasha nyumbani kwa mjomba bila chaja, ilikaa dakika kumi na moja, ikazima. Nikajifariji kwamba betri yaweza kununuliwa. Nilipofika Kyela niliipeleka kwa fundi mjini. Akaifungua, akaondoa betri kubwa na ile ndogo kama kifungo, akazirudisha, akawasha. Kompyuta ikadai nenosiri kabla ya kitu kingine chochote, hata kabla ya Windows. Fundi akanitazama akasema, "Mwanangu, hii ilikuwa ya ofisi ya watu. Waliifunga. Huyu aliyekuuzia hakupewa nenosiri na wenyewe." Hakusema neno wizi, nami sikulisema, lakini wote wawili tulikuwa tunalifikiri.

Kwa majuma mawili niliwaambia wenzangu kwamba kompyuta iko kwa fundi yatengenezwa. Huo ulikuwa uongo, nami nauandika hapa kama nilivyouungama mbele ya klabu. Mwalimu hakunipiga wala hakunifukuza. Alinipeleka kituoni nikaandike maelezo, kwa sababu mali ile yaweza kuwa na mwenyewe anayeitafuta. Mwenyewe hajaonekana hata leo. Kompyuta imekaa kabatini. Shilingi 310,000 zilikuwa ni magunia ya mpunga, na waliovuna mpunga ule wengine walikuwa watoto wa kidato cha kwanza.

Mzazi mmoja aliposikia habari hii alisema, "Ndiyo maana nasema, cha mtumba ni nguo tu. Mashine nunua mpya." Mzee wangu, nakuheshimu, lakini lile basi la Kosta tupandalo kutoka Kyela kupitia Tukuyu hadi Mbeya lilitembea kwanza Japani miaka mingi kabla halijafika kwetu. Wewe hulikatai kwa kuwa ni kuukuu. Wewe hutazama matairi, husikiliza injini, humtazama na dereva. Kosa langu lilikuwa kwamba sikutazama matairi.

Mwaka huu, likizo ya Juni, nilirudi Mbeya. Safari hii nilikwenda na mjomba, na mwalimu alinipa karatasi ya mambo ya kuchunguza. Sikuwa na fedha mfukoni hata kidogo, na nasema hiyo ndiyo njia bora ya kwenda dukani. Tulizunguka siku nzima Mwanjelwa, tukaingia maduka manne yenye milango, mabango na vitabu vya risiti. Nilijifunza siku ile kuliko nilivyojifunza katika muhula mmoja.

Jambo la kwanza ni namba ya kichakataji. Kompyuta nyingi zinazotoka maofisini, kama ThinkPad na Latitude, zina kibandiko au maandishi yanayosema mathalani i5-7300U. Ile tarakimu ya kwanza baada ya kistari, yaani 7, ni kizazi chake. Ikiwa ni i5-8350U, hicho ni kizazi cha nane. Kwa nini jambo hili ni kubwa? Kwa sababu tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 bure kama ilivyokuwa ikifanya, nayo Windows 11 haizikubali kompyuta za Intel zilizo nyingi chini ya kizazi cha nane. Basi maofisi makubwa ya Ulaya na Marekani, na hata ya kwetu, yameziondoa kompyuta za kizazi cha sita na cha saba ambazo hazina ugonjwa wowote. Ni kama mwalimu aliyestaafu akiwa bado ana nguvu. Sisi hatuzihitaji kwa Windows. Tutaweka Linux, ambayo ni ya bure, nayo huziendesha vizuri na kupata matengenezo kila mara. Tena zile nakala za Arduino tunazotumia zina kijipande kiitwacho CH340 cha kuzungumza na kompyuta; Windows mara nyingine hutaka intaneti ili itafute kiendeshi chake, hali Linux inacho tayari. Kwetu sisi, ambao intaneti yetu hutegemea hali ya hewa na salio la mwalimu, hiyo ni faida tupu.

Jambo la pili ni lile nenosiri lililoniumiza. Unapowasha, kabla ya mfumo kuanza, bonyeza kitufe cha kuingia katika BIOS. Katika ThinkPad ni F1, katika Latitude ni F2. Ikikuruhusu kuingia na kubadili saa, vema. Ikidai nenosiri, irudishe mezani uage kwa adabu.

La tatu ni betri. Asilimia mia si kitu. Hata kikombe kidogo huweza kujaa. Katika Windows kuna amri ya kuandika, powercfg /batteryreport, nayo hutoa ukurasa unaoonyesha betri ilizaliwa na uwezo gani na leo ina uwezo gani. Moja tuliyoiona ilizaliwa na wati-saa 45, sasa ina 31. Hiyo ni betri ya mtu mzima, lakini bado yatembea. Nyingine ilikuwa na 9. Mwenye duka mwenyewe alishangaa, akapunguza bei papo hapo.

Kisha matundu ya USB, yote, moja moja, kwa kuchomeka flashi. Kwa watu wa roboti, kompyuta isiyo na tundu zima la USB ni sinia. Kisha kibodi, herufi moja moja. Kisha bawaba za kioo. Mimi nilikuwa nimebeba flashi yenye Linux ambayo huweza kuiwasha kompyuta bila kugusa diski yake. Katika maduka mawili walikataa. Katika la tatu mwenyewe, mama mmoja wa makamo, alisema, "Chomeka mwanangu, mimi siogopi, nimezijaribu zote." Nilimpenda tangu hapo. Bei yake ilikuwa shilingi 350,000 kwa kompyuta ya kizazi cha saba, RAM gigabaiti 8, diski ya SSD ya gigabaiti 256, risiti, na siku thelathini za kurudisha.

Tatu kwa bei hiyo ni shilingi 1,050,000. Zabaki 210,000 za flashi, bodi, waya, na betri moja ikibidi.

Kompyuta mpya tuliyoonyeshwa ilikuwa shilingi 1,200,000. Ilikuwa nyepesi, inapendeza, na imefungwa katika karatasi laini. Lakini mpya za bei ya chini mara nyingi hutengenezwa kwa namna ambayo RAM imegandishwa katika bodi, huwezi kuongeza. Zile za ofisini ziliundwa ili mafundi wa ofisi wazifungue. Skrubu chache, na mfuniko watoka. RAM yachomolewa, diski yachomolewa, kibodi yabadilishwa. Mtoto wa kidato cha pili aweza kujifunza kazi hiyo kwa Jumamosi moja. Najua, maana tumekwisha kujifunza kwa ile mbovu. Diski yake tumeiacha mahali pake kwa ajili ya mwenyewe, lakini kufungua na kufunga tumefanya mara nyingi hata mwalimu akasema yatosha.

Sasa nitasema kwa nini sidhani kwamba hiyo mpya itatufikia. Katika shule nyingi nilizosikia habari zake, kitu cha thamani kikiingia hupewa kabati, na kabati hupewa ufunguo, na ufunguo hupewa mtu ambaye Ijumaa alasiri yuko mkutanoni. Hakuna mwovu hapo. Mwalimu atakayetia sahihi kwa mali ya shilingi 1,200,000 ataogopa kuiona ikiwekwa juu ya meza ya kakao, karibu na watoto kumi na watano na ndoo ya maji ya kujaribia mvua. Hata mimi ningeogopa. Kompyuta ya shilingi 350,000, yenye mikwaruzo na kibandiko cha ofisi ya zamani, yaweza kupelekwa nyuma ya bwalo bila mtu kushika roho. Ikianguka, tutahuzunika, kisha tutachukua ya pili.

Mwalimu wetu wa Jiografia ana hoja nzito kuliko zote, nami sikuweza kumjibu siku ya mdahalo. Alisema, "Ninyi mwasaidia nchi tajiri kutupa takataka zake Afrika." Alitutajia Agbogbloshie, mjini Accra, Ghana, mahali ambapo kwa miaka mingi vijana walichoma nyaya za mashine za Ulaya ili wapate shaba, wakavuta moshi wake, mpaka eneo lile la chuma chakavu lilipobomolewa mwaka 2021. Ni kweli. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme, na kiasi kilichokusanywa na kusindikwa kwa utaratibu unaojulikana hakikufika robo. Uganda iliona hatari hii, ikatangaza mwaka 2009 kuzuia kompyuta kuukuu kuingia nchini, ingawa baadaye ililegeza. Mkataba wa Basel wa mwaka 1989 nao umeongezwa makali: tangu tarehe 1 Januari 2025 taka zote za umeme, hata zile zisizo na sumu, haziruhusiwi kuvushwa kutoka nchi hadi nchi bila nchi ipokeayo kukubali kwanza.

Nimeifikiri hoja hii muda mrefu. Naona kompyuta inayowaka, iliyochunguzwa, yenye fundi na vipuri, bado ni chombo. Yangu ya mwaka jana ndiyo iliyokuwa taka. Tukijua kupambanua, twakataa taka mlangoni. Tusipojua, hata mpya itakuwa taka baada ya miaka minne na hatutajua la kuifanyia. Wenzetu wa Kenya wameonyesha njia. Shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanzishwa mwaka 2002 huko Nairobi, hupokea kompyuta zilizotumika, huzisafisha, huzijaribu, huzipeleka shuleni, na zikifa hushughulika pia na mizoga yake. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo tunayopaswa kuifikiria. Klabu yapendekeza kwamba betri zote mbovu ziwekwe katika debe la mchanga lenye mfuniko, nje ya mabweni, na zipelekwe Mbeya kwa mafundi wazipokeao, zisitupwe shimoni pamoja na maganda ya ndizi. Maji ya mashimo yetu huenda ziwani, na mbasa tulao hutoka huko huko. Mwalimu, nadhani sasa nimekujibu nusu.

Wengine wamesema unyevu wa Kyela utaziua upesi. Unyevu hauulizi mpya wala kuukuu. Tulijaribu mwaka jana kuweka bodi zetu ndani ya mchele, kwa kuwa watu husema mchele hunyonya maji. Tulichopata ni unga wa mchele ndani ya tundu la USB, na sisimizi. Sasa twatumia tranka la bati lenye kitambaa kikavu, twalifungua kila siku ya jua. Lafaa.

Iko haja ya kuharakisha pia. Maonyesho ya wanasayansi chipukizi, yaani Young Scientists Tanzania, yamekuwako tangu miaka ya 2010, na Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, MAKISATU, yalianza Dodoma mwaka 2019, nayo yana nafasi ya shule za sekondari. Klabu yetu haijapeleka kitu hata mara moja. Kigari chenye turubai linalokwama hakiwezi kupelekwa Dodoma. Kukikwamua kunataka majaribio mengi, na majaribio yanataka dakika, na dakika nimekwisha kuzihesabu.

Ninayo maombi mawili kwa wazazi. La kwanza ni kwamba wale mnaofanya kazi katika maofisi, mabenki, bandari, forodha ya Kasumulu, hospitali na halmashauri, mwulize kwa njia ya halali kompyuta zilizoondolewa mezani zimewekwa wapi. Huenda ziko stoo zafuga buibui. Ofisi ikitaka kuziuza kwa utaratibu wake au kutupa kwa barua yenye muhuri, sisi tutakuja na flashi yetu. Bila barua hatutachukua, hata kama ni bure. Nimekwisha kukaa kituoni mara moja kuandika maelezo, yatosha.

La pili ni kuhusu ufunguo. Naomba mkutano uandike katika kumbukumbu zake kwamba kompyuta hizi, ziwe ngapi, zitatoka kabatini kila Jumanne na kila Ijumaa saa tisa na nusu, na kwamba wanafunzi wa kidato cha kwanza watakaa mbele ya kibodi kwanza, kabla ya sisi wakubwa. Wavulana wawili niliowataja wamekubali. Mmoja amekubali kwa moyo, mwingine kwa kura.

Mimi mwenyewe sitazitumia sana. Mwezi wa Novemba tutafanya mtihani wa taifa, na baada ya hapo nitarudi nyumbani Matema kungoja matokeo. Uweka hazina nimekwisha kuukabidhi kwa yule binti wa kidato cha kwanza aliyejifunza kukaa upande usio na jua. Katika daftari nimemwachia hesabu ya mpunga, bei za maduka manne ya Mwanjelwa, jinsi ya kuingia BIOS, na ule mstari wa shilingi 310,000 na jina langu pembeni yake.

Mkutano ni Jumamosi ya mwisho ya muhula, saa nne asubuhi, bwaloni. Kompyuta mbovu itakuwa juu ya meza karibu na mlango, na chaja yake. Mzazi atakaye kuiwasha aiwashe aone inavyodai nenosiri. Kigari nacho kitakuwako, na ndoo ya maji. Wenye kanga nzuri wasikae mstari wa mbele.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne,
Aliyekuwa Mweka Hazina, Klabu ya Roboti